Sura ya Tano: Kushuka Kabla ya Tope

"Baiskeli si ni ya kupanda? Sasa kwa nini unaibeba?"

Swali hili nimeulizwa na karibu kila mtu aliyeona picha zangu za mashindano. Nimeulizwa na majirani hapa Lowell, jimbo la Massachusetts, Marekani, mji ambao Wakenya wamejaa na sisi Watanzania tumo pia. Nimeulizwa na wenzangu kazini, tunakohudumia wazee. Nimeulizwa na binti yangu alipokuwa na miaka sita. Lakini aliyeliuliza kwa uzito kuliko wote ni mjomba wangu wa Shinyanga.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, saa tano asubuhi kwetu, saa moja usiku kwake. Nilikuwa nimetoka kumaliza mbio, nikamtumia picha niliyopigwa na mtazamaji mmoja: nimeinama kwenye mwinuko, baiskeli begani, magoti yamechafuka, na nyuma yangu watu watatu nao wamebeba za kwao. Haikupita dakika akapiga simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hiyo baiskeli imeharibika?"

"Hapana, nzima kabisa."

"Na za hao wenzako?"

"Nazo nzima."

Akanyamaza. Mjomba ameendesha Phoenix yenye karia kwa zaidi ya miaka thelathini, akipeleka mkaa mjini na kurudi na bidhaa za duka. Ada za shule za watoto wake zimetoka kwenye ile karia. Mtu wa namna hiyo akiuliza jambo la baiskeli, hustahili kujibiwa sawasawa. Nilimwahidi jibu kamili. Nililipata kesho yake, na nusu ya jibu hilo ilitoka kinywani mwake mwenyewe.

Mchezo wenyewe ni upi?

Mchezo huu huitwa saiklokrosi. Ni mbio za baiskeli zinazopita kwenye nyasi, tope, mchanga, mizizi ya miti na ngazi, katika njia fupi inayozunguka na kurudi ilipoanzia. Urefu wake huwa kilomita 2.5 hadi 3.5, na washindani huizunguka tena na tena. Msimu wake ni Septemba hadi Februari, wakati huku majani yanapukutika na baadaye baridi inaingia. Mvua haiahirishi mbio. Mara nyingi mvua ndiyo inayowaleta watazamaji.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanazijua mbio za barabarani. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya barabarani, mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika Afrika. Saiklokrosi ni ndugu wa mbio hizo, lakini tabia zao zinatofautiana kwa mambo manne:

- Hupimwa kwa muda. Wanaume wa ngazi ya juu hukimbia takriban dakika 60, wanawake wa ngazi hiyo takriban 50. Sisi wa ridhaa, yaani tusiolipwa, hukimbia dakika 30 hadi 45 kulingana na daraja.
- Idadi ya mizunguko huamuliwa mbio zikiwa zimeshaanza. Waamuzi hutazama kiongozi ametumia muda gani katika mizunguko ya kwanza. Kama ni dakika 7 na mbio ni za dakika 40, watapanga mizunguko 6. Ubao huonyesha imebaki mingapi, na kengele hulia wa mwisho unapoanza.
- Njia ina vizuizi vya makusudi. Mashuhuri zaidi ni mbao mbili zilizosimamishwa kukata njia, zenye urefu usiozidi sentimita 40, chini kidogo ya goti la mtu mzima.
- Baiskeli ni ya aina yake. Usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, sawa na ule wa mbio za barabarani. Lakini tairi zina kashata, yaani meno ya kushika ardhi, hakuna madigadi, na fremu imeachwa wazi kuzunguka tairi ili tope lipate pa kupita.

Askari, bingwa na mlima

Mchezo huu ulizaliwa Ufaransa. Anayetajwa kuwa baba yake ni askari Daniel Gousseau, ambaye jina lake limefungamana na mashindano ya kwanza ya taifa ya Ufaransa, mwaka 1902. Waendesha baiskeli wa enzi hizo walitafuta namna ya kuutunza mwili wakati wa baridi. Kukatiza mashamba, kuruka mitaro na kubeba baiskeli mahali isipopandika kuliwapa joto na pumzi.

Aliyeufanya mchezo uheshimike ni Octave Lapize, aliyeshinda Tour de France ya 1910 na kusema kwamba mazoezi ya saiklokrosi yalimsaidia. Mwaka huo ndio waandaaji walipopeleka mbio hizo kwa mara ya kwanza kwenye milima mirefu ya Pirenei, ukiwemo mlima Tourmalet. Barabara zilikuwa za changarawe na baiskeli hazikuwa na gia za kubadilisha kama za leo. Mwenzake Gustave Garrigou alipanda Tourmalet bila kushuka hata mara moja, akapewa zawadi ya fedha kwa ushujaa huo. Lapize alishuka na kutembea sehemu ya mlima akiikokota baiskeli yake. Aliyefika kileleni wa kwanza ni Lapize, na Tour ya mwaka ule ilikuwa yake.

Kisa hicho nilikisoma miaka kadhaa kabla ya wikendi ninayoisimulia. Nilikipenda, nikakisimulia kwa watu, na bado sikukielewa. Nilidhani ni habari ya zamani, ya wakati baiskeli zilipokuwa nzito.

Mashindano ya kwanza ya dunia ya saiklokrosi yalifanyika Paris mwaka 1950, akashinda Mfaransa Jean Robic. Baadaye Ubelgiji na Uholanzi ndizo zilizoufanya mchezo kuwa sehemu ya maisha ya watu. Mbelgiji Eric De Vlaeminck alitwaa ubingwa wa dunia mara 7 kati ya 1966 na 1973. Mholanzi Mathieu van der Poel, ambaye baba yake Adrie alikuwa bingwa wa dunia wa 1996, alifikisha idadi hiyohiyo mwaka 2025. Wanawake walisubiri miaka 50 kupewa mashindano yao ya dunia: ya kwanza yalikuwa mwaka 2000, akashinda Mjerumani Hanka Kupfernagel. Hadi sasa Marianne Vos wa Uholanzi ameutwaa ubingwa huo mara 8.

Marekani iliyapokea mashindano ya dunia mara ya kwanza mwaka 2013, katika mji wa Louisville. Yalipangwa kwa siku mbili, lakini maji ya mto Ohio yalikuwa yakipanda kuelekea uwanjani, ikabidi mbio zote zikimbizwe Jumamosi moja kabla mafuriko hayajafika. Sven Nys na Marianne Vos waliondoka na ushindi siku hiyo.

*Kwa ufupi:* kushuka kwenye baiskeli hakukuongezwa kwenye mchezo huu ili kuwatesa watu. Ni jambo lililokuwapo tangu mwanzo, na mabingwa wamelitumia kushinda.

Kwa nini miguu hulishinda gurudumu

Tuanze na tairi. Baiskeli nzima hushika ardhi kwa vipande viwili vidogo vya mpira, kimoja chini ya kila gurudumu. Tairi ya barabarani iliyojazwa upepo wa pauni 90 hugusa chini kwa eneo linalokaribia stempu ya barua. Pauni hapa ni kile kipimo unachokiona kwenye geji ya fundi: nguvu ya upepo kwa kila inchi moja ya mraba. Ukishusha upepo hadi pauni 25, tairi hulala kidogo, na eneo hilo hufikia ukubwa wa kiberiti.

Kuongeza upana wa tairi hakuwezekani sana, kwa sababu sheria ya kimataifa inaishia milimita 33. Kinachobaki ni kuchagua kashata na kupunguza upepo. Wengi wetu hutumia tairi zisizo na tyubu, zenye dawa ya majimaji ndani inayoziba matundu. Tyubu ikiwa na upepo mdogo hubanwa kati ya rimu na jiwe, ikapasuka.

Sasa weka kiberiti hicho juu ya tope la mfinyanzi, kwenye mwinuko mkali. Unakanyaga pedali kwa nguvu, gurudumu la nyuma linazunguka mahali pamoja. Ukikanyaga polepole, mwendo unapungua hadi baiskeli inayumba, kwa sababu baiskeli husimama wima kwa kutembea. Ukifika mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, faida ya gurudumu imeshakwisha, lakini gharama yake bado unailipa.

Mguu una njia nyingine. Kiatu cha saiklokrosi, ambacho hunasa kwenye pedali, kina meno chini, na wengine hufunga vyuma vifupi kwenye ncha ya soli. Mguu huchagua pa kukanyaga: jiwe hili, fundo lile la nyasi, ukingo ule mkavu. Gurudumu halichagui, hupita palepale palipo mbele yake. Na mzigo si mkubwa. Baiskeli hizi huwa na kilo 8 hadi 10, takriban nusu ndoo ya maji, na yeyote aliyewahi kupandisha nusu ndoo kutoka mtoni anajua kwamba anaweza hata kukimbia nayo.

Swali gumu si kama ushuke. Swali gumu ni ushukie wapi. Anayeshuka mapema, kwa kupenda kwake, hutua akiwa na mwendo, na mwendo huo humsindikiza hatua kadhaa za mwinuko. Anayeshushwa na tope husimama kabisa, mguu mmoja bado umenaswa kwenye pedali, kisha huanza safari upya kutoka sifuri, katikati ya mwinuko.

Haya yote niliyajua kichwani. Miguu yangu ilikuwa haijayajua.

Jumamosi: kilima nyuma ya uwanja wa besiboli

Mashindano ya ridhaa hapa Marekani mara nyingi huwa ya siku mbili katika bustani ileile ya umma. Jumamosi unakimbia, unarudi nyumbani kulala, Jumapili unakimbia tena. Usiku waandaaji huhamisha nguzo na utepe, njia ikabadilika kidogo. Siku nzima ni msururu wa mbio fupi: wanaoanza hukimbia asubuhi, hufuata watu wa makamo na wazee kwa rika zao, watoto hupewa kipande chao kifupi, na alasiri ni zamu ya mafundi wa mchezo.

Niko daraja la nne, ngazi moja juu ya wanaoanza. Mbio zetu zilipangwa saa tatu asubuhi. Saa moja na nusu nilikuwa nimeshafika, nimechukua namba, mke wangu amenibandika mgongoni kwa pini nane. Nikazunguka njia mara mbili kuikagua, jambo ambalo hakuna anayepaswa kuliruka. Nyasi zilikuwa na umande, ardhi imara, jua limeanza kutoka. Nikaacha upepo pauni 30.

Mahali pa kuanzia, washindani hupangwa kwa mistari ya watu wanane wanane. Mwenye pointi za mashindano yaliyopita huitwa kwanza, wengine hufuata. Mimi nilikuwa mstari wa nne. Mpangilio huu una maana kubwa: baada ya mita mia na zaidi za wazi, njia hubana ghafla na kukata kona, na watu 50 hujaribu kupita mahali panapotosha watatu. Mstari wa mbele hupita, wa nyuma hupanga foleni. Ndiyo maana filimbi ikilia, saiklokrosi huanza kwa nguvu ambayo mbio nyingine huihifadhi kwa mwisho.

Mbao nilizivuka vizuri. Kuvuka mbao ni somo la kwanza la mchezo huu, nami nilikuwa nimelifanyia mazoezi mwaka mzima nyuma ya nyumba. Linakwenda hivi:

1. Nasua mguu wa kulia kwenye pedali, uzungushe nyuma ya kiti, uulete upande wa kushoto. Upande wa kushoto hauna cheni wala meno ya gia.
2. Ukiwa umesimama kwa mguu wa kushoto tu, shika bomba la juu la fremu kwa mkono wa kulia.
3. Nasua mguu wa kushoto. Mguu wa kulia ndio utangulie kugusa ardhi, tayari unakimbia.
4. Inua baiskeli, vuka mbao ya kwanza, vuka ya pili, iteremshe taratibu isidunde.
5. Ruka ukaanguke kwa paja la ndani la kulia juu ya kiti, uteleze ukae, miguu itafute pedali.

Wapo wasioshuka hapa. Sven Nys, aliyekulia kwenye baiskeli ndogo za BMX, alisifika kwa kuziruka mbao akiwa bado juu ya baiskeli yake, na leo vijana wengi hufanya hivyo. Mwenye uwezo huo anatumia haki yake. Mimi sina, na kwenye mbao sikuona aibu kushuka.

Aibu niliiona kwenye kilima. Nyuma ya uwanja wa besiboli kulikuwa na mwinuko mfupi, hatua 20 hivi, mkali kama paa la nyumba. Asubuhi wakati wa kukagua niliupanda wote bila kuweka mguu chini. Nikajiambia kwamba mwendesha baiskeli wa kweli huupanda. Katika mizunguko sita nilifaulu mara mbili. Mara nne gurudumu la nyuma liliteleza nikiwa katikati, nikasimama, nikanasua kiatu kwa shida, nikaitupa baiskeli begani, nikapanda kwa kuhema. Kila mara watu wawili watatu walinipita wakikimbia, baiskeli zao mabegani tangu chini. Mara ya mwisho nilianguka ubavu nikaziba njia, na watatu waliokuwa nyuma yangu wakalazimika kusimama kwa kosa langu. Hao ndio wanaoonekana kwenye picha.

Nilimaliza wa 34.

Simu ya Shinyanga

Mjomba alipomaliza kunyamaza, aliuliza swali la pili.

"Hapo kwenye picha, ulianzia wapi kuibeba?"

"Katikati ya kilima. Ilipoteleza."

"Umechelewa, mjomba."

Kisha akanieleza habari za udongo wa mbuga, ule mweusi unaojulikana na kila mkulima wa Usukumani. Kiangazi hupasuka nyufa, masika hugeuka gundi. Tope lake hujaza nafasi kati ya tairi na madigadi, likashika breki, likakaza mpaka gurudumu lisizunguke. Wenye haraka hung'oa madigadi kabisa mvua zikianza. Lakini wabeba mkaa wazoefu, alisema, wakiliona tope hushuka likiwa bado mbele yao. Hushusha gunia na kulivusha peke yake, kisha hurudi kuibeba baiskeli na kuivusha.

"Hata kama ungeweza kupita?" nilimwuliza.

"Hata kama ungeweza. Ukiingia nayo topeni, tope utatoka nalo. Huko mbele pakavu utaendeshaje gurudumu lisilozunguka?"

Nimekaa na maneno hayo tangu siku hiyo. Kote nilikokuwa nimesoma, kushuka kulielezwa kwa hesabu ya papo hapo: hapa mguu una kasi kuliko gurudumu, shuka. Mjomba alikuwa anahesabu safari nzima. Alikuwa anaibeba baiskeli mita 60 ili imbebe kilomita 15.

Usiku wa mvua

Mvua ilianza saa nne usiku, ikanyesha mpaka alfajiri. Niliisikia juu ya paa nikiwa sebuleni, nimeigeuza baiskeli miguu juu, nikitoa nyasi kwenye gia kwa mswaki wa zamani.

Mashindano makubwa yana dawa ya tope. Pembeni ya njia huwekwa kituo cha mafundi, na mshindani hukipita mara mbili katika kila mzunguko. Hutupa baiskeli chafu mikononi mwa fundi, huchukua safi, na kabla hajarudi, ile ya kwanza imeoshwa kwa mashine ya maji ya nguvu na kutiwa mafuta. Siku ya tope zito bingwa anaweza kubadilisha kila nusu mzunguko.

Mtu wa ridhaa kwa kawaida ana baiskeli moja. Tope la mfinyanzi likiganda kwenye fremu, cheni na breki, linaweza kuongeza kilo kadhaa, na kilo hizo atazibeba mpaka mwisho. Ndiyo maana habari ya mjomba ilinihusu mimi kuliko bingwa yeyote wa Ubelgiji. Kati yangu na mbeba mkaa mwenye Phoenix, hali ni moja: baiskeli uliyoanza nayo ndiyo utakayomaliza nayo.

Nikashusha upepo hadi pauni 24, nikalala.

Jumapili: mita sitini za majani yaliyokufa

Asubuhi bustani ilikuwa nyingine. Kilima cha nyuma ya uwanja kilikuwa tope tupu na hapakuwa na haja ya kubishana nacho: kila mtu alikibeba. Pale tulikuwa sawa.

Pa kuamua palikuwa kwingine. Upande wa bwawa, waandaaji walikuwa wamehamisha utepe usiku, njia ikapita kwenye bonde lenye majani yaliyokufa, mita 60 hivi, tambarare kabisa. Kwa kuwa ni tambarare, macho yanakuambia panapandika. Na kweli palipandika: katika ukaguzi niliona watu wakipita, polepole, wakisukuma pedali kwa gia ndogo kabisa. Nikawatazama walipotokea upande wa pili. Tairi zao zilikuwa zimevaa majani na tope kama mandazi yaliyochovywa kwenye unga. Kwenye nyasi ngumu zilizofuata, mahali pa kukimbia kuliko pote katika njia ile, walikuwa wanakanyaga kwa nguvu na baiskeli haiendi.

Mbio zilipoanza nilikuwa wa 30 hivi. Tulipolikaribia bonde kwa mara ya kwanza, hatua kumi kabla ya tope nikashuka. Aliyekuwa nyuma yangu alipiga kelele nimpishe, nikampisha. Nikapitisha mkono wa kulia chini ya fremu, nikashika pembe ya kushoto ya usukani, baiskeli ikakaa begani imara, magurudumu hayagusi kitu. Nikakimbia kando kabisa, karibu na utepe, ambako mizizi ya nyasi ilikuwa bado inashikilia udongo.

Sitasema ilikuwa rahisi. Mapafu yaliwaka. Katikati ya bonde nilikuwa sambamba na yule aliyenipigia kelele, tukatoka kwa pamoja. Ndipo nilipoona tofauti. Nilirukia kiti, nikakanyaga, na tairi ikaitika. Ya kwake ilikuwa nzito. Kufika kona iliyofuata nilikuwa nimempita yeye na wengine wawili.

Kiongozi wetu alitumia dakika nane na nusu kwa kila mzunguko, kwa hiyo waamuzi walitupa mitano. Mara tano nilishuka mahali palepale. Mzunguko wa tatu niligundua kwamba watu wawili wanashuka pamoja nami. Wa nne walikuwa wanne. Watazamaji waliokuwa kwenye ukingo wa bwawa walitikisa kengele za ng'ombe, ndiyo desturi ya mchezo huu, na sauti ile kwangu ni ya mifugo ya Shinyanga inaporudi jioni. Sijui kitu kinachonisukuma zaidi ya hicho.

Nilimaliza wa 19 kati ya 43. Mzee mmoja wa miaka 60 na kitu, ambaye hukimbia nasi kila mwaka, alikuja kunishika mkono. Alikuwa mmoja wa wanne wale.

*Kwa ufupi, mambo matatu niliyotoka nayo Jumapili:*

- Mahali panapopandika si lazima pawe mahali pa kupanda.
- Uamuzi wa kushuka hufanywa wakati wa kukagua njia, pumzi ikiwa bado ipo na akili imetulia.
- Usihesabu sekunde za ndani ya tope peke yake. Hesabu na hali utakayotoka nayo.

Na wanaobaki nyuma?

Hili ndilo swali la pili ambalo watu huniuliza. Kwa kuwa njia ni ya kuzunguka, wa mbele huja kuwakuta wa nyuma. Katika mashindano makubwa kuna sheria ya asilimia 80: ukiachwa na kiongozi kwa muda unaofikia asilimia 80 ya mzunguko wake wa kwanza, unatolewa. Kama yeye alitumia dakika 6, kikomo chako ni dakika 4 na sekunde 48.

Kwenye mashindano yetu ya ridhaa, waandaaji wengi humwacha aliyezungukwa aendelee. Kiongozi akivuka mstari, kila anayefika baada yake amemaliza, hata kama ana mzunguko mmoja pungufu. Kwa hiyo bingwa na wa mwisho hutoka karibu wakati mmoja, wamekanyaga tope moja, na watazamaji ni walewale. Katika mbio ndefu za barabarani wa mwisho hufika watu wameshaanza kukunja viti. Hapa hushangiliwa kila baada ya dakika nane, sawa na wa kwanza. Nawaambia wanaosita kuanza kwa kuogopa kuwa wa mwisho: hakuna mchezo wa baiskeli unaompokea wa mwisho vizuri kuliko huu.

Kwa anayetaka kujaribu

- Usinunue baiskeli kwanza. Mashindano mengi ya wanaoanza hukubali baiskeli za milimani zenye tairi pana.
- Anza na leseni ya siku moja, kama waandaaji wanaitoa. Ukiupenda mchezo, kata ya mwaka.
- Jifunze kushuka na kupanda kwenye nyasi, kwa mwendo wa kutembea, mara mia, kabla ya kujifunza kwa kasi.
- Zunguka njia mara mbili kabla ya mbio. Mara ya kwanza tazama, mara ya pili amua.
- Beba nguo kavu, maji ya kuoshea cheni, na kitu cha moto cha kunywa. Chai ya tangawizi haijawahi kuniangusha.

Picha ya pili

Jumapili ile nilimtumia mjomba picha nyingine. Mke wangu aliipiga akiwa upande wa bwawa, mzunguko wa nne, ninatoka bondeni baiskeli ikiwa bado begani.

Akapiga. Tukasalimiana. Safari hii hakuuliza kama imeharibika.

"Tope lilianzia wapi?"

"Hatua kumi mbele ya niliposhukia."

Nilimsikia akimwita mjukuu wake aje amkuzie picha kwenye simu. Wakanong'onezana kidogo kwa Kisukuma, kisha akarudi.

"Ndiyo," akasema. "Naona gurudumu lako bado safi."